Funza wa Sartre anaishi wapi?

Wengi wetu tulikutana na udhanaishi darasani, kupitia riwaya za Euphrase Kezilahabi kama Kichwamaji ya 1974, tukatoka tukiamini ni falsafa ya kukata tamaa. Anayeamini hivyo, akiifikia sitiari maarufu ya mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, huona amepata ushahidi. Katika kitabu chake L'Être et le Néant, kilichotoka mwaka 1943 Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Sartre anaufananisha utupu na funza aliyejikunja katikati ya kuwepo. Basi maisha yameoza?

Sivyo. Sartre hazungumzii kuoza, anazungumzia mahali. Mwanafalsafa Hegel aliuweka utupu sambamba na kuwepo, viwili vyenye hadhi moja. Mwanafalsafa mwingine, Heidegger, aliuona ukiuzunguka ulimwengu kwa nje. Sartre anawapinga wote: utupu umo ndani ya kilichopo, nao hauna uhai wake wenyewe. Tunda huweza kuwa zima bila funza, lakini funza bila tunda hana pa kukaa.

Mfano wake mwenyewe unasaidia zaidi. Sartre ameahidiana na rafiki yake Pierre saa kumi jioni mgahawani, lakini yeye Sartre amechelewa robo saa. Anaingia. Mgahawa umejaa meza, watu, moshi na sauti. Wenyewe haujapungukiwa na chochote. Hata hivyo kila uso anaoutazama unafifia kwa kuwa si wa Pierre, na kutokuwepo kwake kunatanda ukumbi mzima. Jenerali Wellington wa zamani naye hayumo, ila nani alikuwa akimngoja? Kumbe pengo haliletwi na vitu. Linaletwa na binadamu anayetarajia.

Hapa, kwa maoni yangu, sitiari inapwaya kidogo, kwani funza ni kitu na huingia kutoka nje. Utupu wa Sartre si kitu, nao ni sisi wenyewe tunaoubeba.

Ndiyo maana anatupeleka kwa mcheza kamari aliyeapa kuacha. Anaikaribia meza ya kamari na kugundua kwamba kiapo cha jana hakimshiki: kipo, anakikumbuka vizuri, lakini kati yake na yule aliyeapa kuna pengo. Wahaka unaompata pale Sartre hauiti ugonjwa. Ni mtu kuutambua uhuru wake. Kama anataka kuacha kamari, itambidi aamue upya, sasa hivi, akiwa mbele ya meza ileile.