Tumbo limekatwa, lakini karak imebaki

Ijumaa moja mwaka jana, baada ya sala, tulikuwa tumekaa chini nyumbani kwa mama, Seeb, masinia mawili ya wali na mchuzi wa nguru mbele yetu. Shangazi yangu akanitazama toka juu mpaka chini, kisha akasema mbele ya wake wa kaka zangu wote: "Wewe si ulikata tumbo? Mbona unarudi?"

Nikacheka. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta ndimu.

Shangazi huyu huyu, mwaka wa kwanza baada ya operesheni, alikuwa akinililia kwamba nimekwisha, nimebaki mifupa, nile japo tonge mbili. Nilifanya takmim mwaka 2019. Nilikuwa na kilo 118, sukari imeshaanza kupanda na magoti hayataki ngazi. Ndani ya mwaka na nusu nikafika kilo 76, na daktari akanisimamishia vidonge vya sukari. Siku ile ya ndimu nilikuwa na kilo 90, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa kimerudi mpakani. Hilo shangazi hakulijua, na ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Wengi mnaosoma hapa mna dada, mkwe au binamu aliyekata tumbo, kama si nyinyi wenyewe. Katika takmim daktari anaondoa kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na unaobaki unakuwa mwembamba, umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu anakumbushwa kula kama mtoto. Uzito kwa kawaida unafika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, halafu watu wengi wanarudisha kilo kadhaa. Kilo chache si msiba. Zangu zilikuwa 14.

Kliniki nilikuwa sijakanyaga miaka miwili. Aibu tu. Nilihisi kama mwanafunzi aliyelipiwa ada akafeli mtihani. Nilipokwenda hatimaye nilikuwa na jibu langu tayari: tumbo limetanuka, nikatweni tena. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo mwenye sauti ya upole, hakunibishia. Alisema tumbo linaweza kutanuka kidogo, kweli, lakini kwanza niandike kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni, hata ninachokula nimesimama.

Hicho cha kusimama ndicho kilichoniumbua.

Mchana nilikuwa nakula vijiko sita vya wali na kipande kidogo cha samaki, nikishiba kweli. Mama alikuwa akihesabu tonge zangu na kusikitika. Lakini daftari lilisema mengine. Saa 4 asubuhi, karak: napiga honi nje ya duka la chai, kijana analeta kikombe mpaka dirishani. Saa 6, biskuti mbili ofisini. Alasiri kwa jirani, kahawa, tende tano, halua vijiko vitatu. Magharibi karak nyingine, na nusu ya mkate wa rakhal wenye jibini na chipsi aliouacha mwanangu. Usiku, watu wameshalala, kijiko kinarudi kwenye bakuli la halua.

Kumbe tumbo dogo ni mlinzi wa mlango mmoja tu. Kipande cha nyama au samaki kinakaa, kinakushibisha upesi. Karak, aiskrimu, halua, biskuti iliyolowekwa kwenye chai, vyote vinateleza na kupita, na baada ya nusu saa pana nafasi tena. Halua yetu ni sukari, wanga na samli. Zafarani na iliki hazipunguzi kitu. Tende moja ndogo ina kalori kama 20 hadi 30, si nyingi, lakini mimi nilikuwa naamkia tende, nashindia tende na kulalia tende. Na maji nilikuwa nayanywa juu ya chakula, hivyo hata kile kidogo nilichokula nilikuwa nakisukuma kishuke haraka.

Kahawa ina adabu yake: ukitosheka unatikisa kikombe, mwenye kumimina anaelewa, hakuna anayenuna. Halua haina ishara kama hiyo. Ukikataa, mwenye nyumba anauliza kama imeharibika.

Nikabadilisha machache. Nakula mara tatu nimekaa, na kama njaa ni ya kweli, kitu kimoja kidogo katikati. Naanza na samaki, kuku, mayai au dengu, halafu mboga, wali mwisho, na mara nyingi wali haufikiwi. Niliambiwa nisipungue gramu 60 za protini kwa siku. Yai lina kama 6, na kipande cha nguru cha gramu 100 kina ishirini na kitu. Maji nasubiri nusu saa baada ya kula. Kwa majirani nachukua tende moja na kahawa chungu, na ya kwanza hiyo naila polepole sana, kwa makusudi.

Karak ndiyo iliyonitoa jasho. Wiki mbili za kwanza nilibadilisha njia ya kwenda kazini nisilione lile duka.

Kwenye WhatsApp nilikuwa nimetumiwa "siku tano za supu za kurudisha tumbo". Yule binti alicheka: tumbo halirudi udogo kwa supu, unachopoteza kwa siku tano ni maji zaidi. Wifi yangu naye alitaka kunigawia sindano zake za wiki kutoka kwenye friji. Zipo dawa kama hizo na madaktari huwaandikia baadhi ya waliorudisha uzito, lakini kwa kupimwa, si kwa kugawana kama kanga. Nilipopimwa damu mimi, B12 na madini ya chuma vilikuwa chini, kwa sababu vitamini nilikuwa nimeziacha zamani, na hizo ni za maisha. Na anayetapika kila mara, au anayehisi ganzi miguuni, asingoje miadi, aende siku hiyo hiyo.

Mama ndiye niliyemwogopa zaidi. Nikamweleza peke yake, jikoni, habari ya sukari. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, babu yako miguu ilimwendaje unasahau?

Sasa miezi minne, nimeshuka kilo 6. Ijumaa mama ananiwekea pembeni kipande cha nguru kilichochomwa, cha mkiani, na sahani ya kachumbari. Shangazi bado ananitazama toka juu mpaka chini. Juzi kaniomba namba ya yule binti wa lishe, kasema ni ya jirani yake.