Kuhamisha jamaa kwenda kulima Uganda: tuulizane kwanza

Ni majuma mengi sasa. Wamama wakimaliza kuhesabu likelemba, kabla ya kuagana, mazungumzo yanafika kwenye neno moja: kuhama. Na si Ulaya wala Kanada wanayoitaja. Wanataka kijiji. Wanataka shamba la kulima, usiku wa kulala bila masasi, na njia ya shule ambayo mtoto anaipita peke yake. Vijiji vyetu wenyewe vya Kalehe, Fizi au Walungu vingekuwa na haya yote, lakini utulivu umevikimbia, na ndiyo maana macho yanavuka mpaka. Wanataja Nakivale, Kyaka, Rwamwanja, Kyangwali. Mtu akisikia kwamba kule Uganda mgeni anapewa kipande cha ardhi, anaona kama Mungu amefungua mlango.

Sisi hatumcheki. Bukavu imejaa. Nyumba zimeshikamana kwenye miteremko hivi kwamba moto ukianza katika nyumba moja ya Kadutu, majirani wengi wanalala nje usiku ule, na mvua kubwa ikinyesha tunaamka kuangalia kama ukuta bado umesimama. Tusiseme juu ya vinanda vya baa upande huu na maikro za makanisa upande ule, kila mtu akishindana na mwenzake hadi saa nane za usiku. Wengi wetu ni watoto wa wakulima. Mikono inakumbuka jembe. Kutaka kurudi shambani si ujinga.

Lakini tumeona jamaa zilizokwenda, na nyingine zilizorudi, na tunajua kwamba maneno yanayozunguka sokoni ni nusu ya habari. Juma hili tunaandika nusu ile nyingine.

Uganda ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, na kanuni zake zilitoka mwaka 2010. Ni sheria nzuri kuliko nyingi. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, kuchuuza, kutembea ndani ya nchi, na watoto wake wanaingia shule ya primeri kama watoto wa wenyeji. Hawafungwi ndani ya uzio. Wanakaa katika makazi yenye vijiji, masoko na makanisa. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, inapokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, na humo kuna mtaa ambao watu wanauita New Congo. Rwamwanja ilifunguliwa tena mwaka 2012 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia Kivu ya Kaskazini. Wakongomani walio Uganda wamepita nusu milioni. Mtu wa Bukavu akifika hatakosa wa kumsalimia kwa Kiswahili chetu, wala hatakosa sombe.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu anayekimbia hatari. Haikuwekwa kwa anayetafuta hewa safi. Ukifika, utaulizwa kwa nini uliondoka, na utajibu ukweli. Ukikubaliwa, unakuwa mkimbizi, na neno hilo lina uzito wake: mkimbizi haendi na kurudi apendavyo katika nchi aliyosema imemtishia. Mama anayefikiri kwamba atalima Isingiro na kila mwezi atarudi kuangalia duka lake la Nyawera, afikiri tena. Na anayetaka kwenda kwa pasipoti yake kama mgeni wa kawaida anunue shamba, ajue kwamba katika Uganda asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiopita miaka 99.

Sasa ardhi yenyewe. Wasomaji wetu wa Bushi wataelewa haraka tukisema hivi: ardhi ya mkimbizi ni bwasa, si kalinzi. Katika kalinzi, baba zetu walitoa ng'ombe kwa mwami, na shamba likabaki kwa jamaa, wana na wajukuu; mtu alipanda ndizi na kahawa bila hofu. Katika bwasa unapewa mahali pa kulima maharagwe na mihogo kwa kitambo, na mwenyewe akitaka, unatoka. Kipande cha Uganda huwezi kukiuza, huwezi kukirithisha kama mali yako, na siku ukiondoka kinarudi kwa aliyekitoa. Tena kimekuwa kidogo. Waliofika zamani walipata mita 50 kwa 100. Watu walipoongezeka, vipande vilikatwa na kukatwa tena, na mahali pengi sasa wanahesabu mita 30 kwa 30. Tupige hesabu kama darasani: 50 mara 100 ni mita za mraba 5.000, 30 mara 30 ni 900. Humo ndani utajenga nyumba, utachimba choo, utaweka jiko. Kinachobaki ni bustani. Lengalenga zitakua, vitunguu vitakua, lakini bugali ya watu saba kwa mwaka mzima haitatoka humo. Jamaa nyingi zinakodi mashamba ya wenyeji, na kukodi kunahitaji pesa.

Na chakula cha msaada? Zamani kila mtu alipewa posho. Mwezi wa saba 2023, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa liligawa wakimbizi wa Uganda katika mafungu matatu: wadhaifu sana wapate asilimia 60 ya posho, wa katikati asilimia 30, na wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea wasipate kitu. Kwa hiyo anayekwenda na nguvu zake na watoto wakubwa asiweke tumaini katika foleni ya posho. Maharagwe yanataka miezi mitatu, mahindi mitatu hadi minne, muhogo unakaribia mwaka. Ule nini wakati huo? Hesabu hiyo ifanywe hapa, juu ya meza ya jikoni, si kule ukiwa umekaa juu ya mizigo. Tena Isingiro haina mvua ya Bukavu. Ni upande wa ng'ombe, wenye ukavu, na mvua ikikosea majira yake shamba linakauka mbele ya macho yako. Na kwa sababu ni chini kuliko kwetu, malaria ni nyingi. Sisi tunaokaa mita 1.500 juu tunasahau mbu. Vyandarua viwe mzigo wa kwanza.

Tunafika kwenye shule, na hapa mtatuwia radhi tukikaa sana, kwa maana ndiyo kazi yetu.

Mtoto wa Kongo anayeingia Uganda anahama lugha, anahama kalenda, anahama hata herufi. Kule, primeri ni miaka saba, siyo sita, na mwisho wake ni mtihani unaoitwa PLE: Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii. Tangu mwaka 2007 wanafundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya mahali, na kuanzia P4 wanahamia Kiingereza. Upande wa Nakivale lugha ya mahali ni Kinyankore. Basi mtoto wetu wa miaka 12, aliyemaliza mwaka wa tano hapa na alama nzuri katika buletini, anaweza kuwekwa P2 au P3 pamoja na wadogo wa miaka minane, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu hasikii neno. Goti lake halitoshi chini ya dawati. Wenzake wanamwita mzee.

Wavulana wanavumilia mwaka mmoja, kisha wengi wanakwenda kutafuta vibarua. Kwa wasichana ni mbaya zaidi. Hesabuni wenyewe: msichana wa miaka 13 anayeingizwa P3 atafika P7 akiwa na miaka 17. Katika jamaa isiyo na pesa, ni nani atakayemngoja? Kuni na maji vinamngoja, na wanaume wanamngoja pia. Tunasema wazi bila kuzungusha: binti zetu ndio wanaolipa bei ya kuhama kuliko wote, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Kuna njia ya kupunguza bei hiyo, na haiombi pesa nyingi. Mwaka wa masomo wa Kongo unaanza mwezi wa tisa na kuisha kuelekea mwezi wa saba. Wa Uganda unaanza mwezi wa kwanza au wa pili na kuisha kuelekea Krismasi. Mtoto akimaliza hapa mwezi wa saba, akifika kule katikati ya mwaka, anakuta darasa linakimbilia mitihani na hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kumshika mkono. Anayehama na apange kufika kabla ya mwaka kuanza, na ile miezi sita ya katikati iwe ya Kiingereza. Si Kiingereza kikubwa. Aanze na majina ya herufi, kwa maana hapo ndipo anapoanguka siku ya kwanza: herufi E, Waingereza wanaiita kwa sauti ya I yetu, na I yetu wanaiita "ai". Mwalimu akitaja herufi za neno, mtoto anaandika neno lingine kabisa. Kisha hesabu. Sisi tunaandika mbili na nusu 2,5, wao 2.5. Sisi elfu moja tunaweka nukta, 1.000, wao wanaweka koma, 1,000. Mtoto anayejua hesabu sana anapata sifuri, naye hajui amekosea wapi. Mambo hayo mama anaweza kuyafundisha jioni akichambua maharagwe.

Na aliye mwaka wa sita, tafadhali, amalize hapa, afanye ENAFEP, apate cheti chake. Vivyo hivyo aliye mwaka wa mwisho wa sekonderi: hali ikiruhusu, asiondoke bila Egzamini ya Leta. Diploma inaweza kupelekwa kwa baraza la mitihani la Uganda kulinganishwa; hadithi ya kwamba "nilikuwa karibu kumaliza" hailinganishwi na kitu. Hata sisi walimu wenye diploma zetu, tukifika kule Kifaransa hakitusaidii. Kuna wenzetu waliosimama ubaoni miaka kumi, sasa ni wasaidizi wa kutafsiri darasani. Wanashukuru kuwa na kazi, lakini si ile waliyosomea.

Mtu atasema: basi twende Tanzania, kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambako watu wa Fizi na Uvira wako tangu mwisho wa 1996. Ni kweli kwamba kule watoto waliendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa, hadi Egzamini ya Leta. Lakini Nyarugusu ni kambi. Mkimbizi hatoki nje bila kibali, wala hana shamba la kulima apendavyo. Yaani Uganda unapata shamba na kupoteza lugha. Tanzania ulibaki na lugha na kukosa shamba. Wanaotaja Warundi wa mwaka 1972, waliopewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wanasema kweli pia. Walilima, walitulia, na mwaka 2014 wapatao 162.000 walipewa uraia wa Tanzania. Ila hesabuni miaka: kutoka 1972 hadi 2014 ni 42. Aliyefika na mtoto mgongoni alipata karatasi akiwa bibi.

Neno moja juu ya wababa. Tumeona mtindo huu: baba anabaki mjini "kutafuta", mama anatangulia na watoto sita. Miezi mitatu pesa zinafika, mwezi wa nne simu haishikwi. Mama aliyekuwa na wakwe, dada na likelemba ya kumshika sasa yuko peke yake kijijini, na ule utulivu aliokuwa anautamani unakuwa kimya kinachomtisha. Hatusemi kila mume ni hivyo. Tunasema wahame pamoja, au wakae pamoja, na jambo hilo lizungumzwe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Watoto wakubwa nao wakae katika mazungumzo hayo.

Karatasi za kubeba: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto (kwa mtoto mchanga, kumwandikisha ni bure katika siku 90 za kwanza, msingoje), cheti cha ndoa, buletini zote hata zile zenye alama nyekundu, vyeti na diploma, kadi za chanjo. Piga picha ya kila karatasi na kuituma kwa ndugu anayebaki. Na shamba au paseli mnayoiacha hapa, andikeni karatasi mbele ya mashahidi, kwa jina la mume na la mke, kwa maana ukirudi baada ya miaka minne ukamkuta shemeji amejenga, maneno ya mdomo hayatakusaidia.

Siku ya Posho, baada ya kazi ya usafi, tutakaa na wamama wanaotaka kuangalia karatasi zao na kuanza zile herufi za Kiingereza. Wanaokwenda na wasiokwenda, wote wanakaribishwa. Mlete buletini za watoto, kalamu, na watoto wenyewe kuanzia mwaka wa tatu.