Makonyo na Mafuta Yake

Kila msimu, karafuu zikishateremshwa mtini na kuletwa nyumbani, watu hukaa jamvini jioni kuzichambua. Karafuu huku, makonyo kule. Karafuu hulindwa kama mboni ya jicho. Makonyo huachiwa watoto wachezee, au hutiwa motoni, au humwagwa shinani mwa mnazi. Leo twataka kusema na wanachama juu ya hayo makonyo, kwani wengi wetu twatupa fedha kwa mikono yetu wenyewe.

Konyo ni kile kijiti kinachoshika karafuu katika kishada. Ndani yake mna mafuta ya namna ile ile yanayoipa karafuu ukali wake, ila ni machache: karafuu kavu kilo 100 huweza kutoa mafuta kilo 15 hata 18, na makonyo makavu kilo 100 hutoa kilo 5 au 6 hivi. Lakini hapa pana jambo la kustaajabisha. Kitu chenye kazi hasa katika mafuta hayo huitwa yujenoli, nacho mara nyingi huwa kingi zaidi katika mafuta ya makonyo, 85 hata 92 kwa mia. Katika karafuu yenyewe, sehemu ya yujenoli imefungamana na asidi ya siki, na hiyo ndiyo sababu moja ya harufu yake kuwa laini. Basi atakaye manukato hununua mafuta ya karafuu. Atakaye yujenoli, makonyo yamtosha.

Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda ambacho watu wa Pemba hukiita Kiwanda cha Makonyo tu. Kupika makonyo si uchawi. Hutiwa katika pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa kutoka chini. Mvuke huyachukua mafuta, ukapita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, ukarudi kuwa maji. Mafuta haya hayaelei kama ya nazi. Ni mazito kuliko maji, hivyo huzama, yakakingwa chini. Atakaye kuitenga yujenoli huyachanganya na kostiki soda: yujenoli huingia katika maji, mafuta mengine yakabaki juu, kisha asidi ikatiwa ili yujenoli irudi ilivyokuwa.

Kazi yake? Mganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki, akaziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Zamani hata vanilini, ile harufu ya vanila ya viwandani, ilitengenezwa kwa yujenoli, mpaka miaka ya 1930 walipoanza kuitoa katika majimaji yanayobaki viwanda vinapotengeneza karatasi. Twaona basi kuwa taka za wenzetu zilishindana na taka zetu! (Tahadhari: mafuta haya ni makali mno. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, ini lake laweza kuharibika. Yawekeni mbali naye.)

Mwandishi wa maneno haya ana kisa chake mwenyewe. Msimu mmoja nilijaza makonyo mabichi magunia manne, nikayarundika ukumbini nikisubiri bei. Mvua ya vuli ikakaza. Nilipoyafungua yalikuwa na joto, yameota ukungu mweupe, na harufu yake si ya karafuu tena. Kituoni yalikataliwa, nami sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, yaanikeni siku ile ile muanikapo karafuu, lakini kwa jamvi lake. Konyo lililokauka sawasawa likipindwa hukatika kwa mlio. Likipinda bila kukatika, lirudisheni juani. Wala msiyafiche ndani ya karafuu ili kuongeza uzito. Mpimaji huyaona upesi, daraja ya karafuu ikashuka, na hasara yake hupita faida ya makonyo yote.

Wako wanaouliza juu ya majani, maana nayo yana mafuta, kilo 2 au 3 katika 100. Indonesia hupika zaidi yale yaliyokwisha kuanguka. Bukini huyakata mabichi mtini, na mti unaokatwa hivyo kila mara huzaa karafuu chache.