Kwanza Chuma, Bahasha Baadaye

Nina karakana ya mageti na madirisha Buguruni, Dar es Salaam. Kijana akija kuomba kazi, bahasha yake ya vyeti naiweka mezani na kumpa vipande viwili vya chuma aviunge kona. Mjuzi huanza kwa kukwangua kutu na rangi pale pa kuungia. Huweka skwea, huvishikiza kwa moto mdogo huku na huku, hupima tena maana chuma kikipata joto hujivuta, ndipo achomelee mstari mzima. Akimaliza hugonga lile ganda jeusi atazame kama kuna matundu. Asiyejua hupandisha moto mpaka chuma kinatoboka. Dakika kumi zinanitosha, na hapo bado sijui kama ana diploma au aliishia darasa la saba.

Ofisi kubwa hazina dakika hizo. Nafasi moja ikitangazwa, maombi huja marundo, na digrii ndiyo chujio rahisi kuliko yote: haihitaji mtu wa kukaa na kutazama. Ndipo hata karani wa mapokezi anadaiwa shahada.

Mlango ukiwa karatasi, wapo watakaoichapisha wenyewe. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao siwatetei. Lakini msako huohuo wa vyeti uliwakumba watu ambao hawakughushi chochote: walioajiriwa na darasa la saba kabla ya 20 Mei 2004, wakati kidato cha nne hakijawa sharti. Walitolewa kazini kwa kukosa cheti ambacho hakuna aliyewadai siku wanaanza. Mwaka 2018 serikali ikaagiza warudishwe.

Mkinisikia hivi msidhani nadharau shule. Anayekuja kutandaza nyaya za umeme nyumbani kwangu namwomba leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajafungua begi, kwa sababu kosa lake linaweza kujificha ukutani miaka kadhaa kabla halijaunguza nyumba. La geti naliona jioni hiyohiyo.

Kwa mafundi wa mtaani, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, na nashangaa waajiri wengi hawaujui. Fundi anajiandikisha, wakaguzi wanamtazama akiwa kazini na kumuuliza maswali. Wakiona pengo, tuseme usalama au kusoma mchoro, anafundishwa hilo tu, kisha anapimwa na kupewa cheti. Haambiwi aanze upya kama mtoto.

Mmoja wa mafundi wangu nilimlipia ada. Mishono yake ni ileile ya zamani, ila sasa jina lake naliweka kwenye zabuni, zinazodai vyeti vya mafundi. Mshahara nao imebidi niuongeze, maana jirani yangu ameshaanza kumpigia simu.