Ofisi ya Maskini: Somo la mwaka 1947 kwa vibarua wa Bwiza

Mgomo ukitangazwa hapa Bujumbura, watu wa kwanza kutajwa ni walimu, wauguzi na makarani wa serikali. Hao wana mwajiri anayejulikana, wana chama chenye muhuri, na mshahara wao una tarehe yake. Lakini mimi ninayeishi Bwiza kila asubuhi hukutana na watu wengine: wabeba mifuko ya simenti na unga, wasaidizi wa waashi, vijana wanaopakua malori. Hawa hulipwa jioni, na siku wasipoitwa kazini hawalipwi kitu. Je, mgomo una maana gani kwa kibarua wa namna hiyo?

Swali hili si langu. Ni la jirani yangu, mbeba mizigo. Tarehe 27 Machi 2012, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia vilipoitisha mgomo wa siku moja kupinga ughali wa maisha, aliniuliza: yeye akigoma, ni nani atakayepata hasara isipokuwa watoto wake watakaolala bila ugali na ndagala? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za migomo ya Afrika Mashariki, na mwaka ninaoona una jibu lake ni 1947.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini katika miji ya bandari bei za nguo na chakula zilikuwa zimepanda, vyumba vya kupanga vilikuwa haba, na mishahara ilibaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ikasimama. Makuli wa bandarini waligoma, na wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani mwa Wazungu wakagoma pamoja nao. Waligoma watu wapatao 15,000, kwa karibu wiki mbili.

Kila siku wagomaji walikusanyika katika uwanja wa Kiembeni, Majengo. Uwanja huo waliupa jina la Ofisi ya Maskini. Tulitafakari jina hilo. Ofisi ya mkubwa ina mlango, na maskini husimama nje yake akiwa ameshika kofia mkononi. Ofisi ya Kiembeni haikuwa na mlango. Aliyekuja aliketi chini na wenzake, wa bara na wa pwani, Mwislamu na Mkristo, mwenye kazi ya kudumu na kibarua wa siku moja.

Na hapa ndipo penye jibu la jirani yangu. Makuli wengi wa Mombasa walikuwa vibarua kama yeye. Hawakwenda kazini kila siku. Siku nyingine waliishi kwa biashara ndogo, uvuvi au shamba. Mtu angedhani watu kama hao hawawezi kuungana, kwa kuwa leo yuko huyu na kesho yuko yule. Kumbe kibarua hakuwa na cheo cha kuogopa kunyang'anywa. Akipumzika peke yake, mwenye meli huita mwingine. Lakini mji mzima ukipumzika, hakuna mwingine wa kuitwa.

Mgomo ulikwisha baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, kuwasihi wagomaji warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatachunguzwa. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaundwa, na mishahara ikapanda. Septemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya makuli wa Dar es Salaam, na mgomo wao ukapanda bara kwa kufuata reli. Mwaka 1948 ikafuata Unguja.

Msomaji wa Bujumbura asidhani hayo yalikuwa mambo ya mbali. Tangu 1921 Wabelgiji walikuwa wamepewa sehemu zao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Ndiyo Belbase ambayo wazee wetu waliijua. Mizigo ya Usumbura iliteremshwa Dar es Salaam, ikapanda gari moshi hadi Kigoma, kisha ikavuka ziwa. Kitambaa kilichouzwa hapa kilikuwa kimepita kwanza kwenye bega la kuli wa Dar es Salaam.

Watawala nao walijifunza. Uingereza ilikuwa chini ya chama cha Labour cha Clement Attlee. Migodi ya makaa ya mawe ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1947, siku 12 tu kabla ya mgomo wa Mombasa, na mwaka huohuo makuli wa bandari za Uingereza wakawekewa utaratibu wa kuandikishwa ili waache kuhangaika kama vibarua. Katika makoloni, dawa ilikuwa na pande mbili. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo wa Mombasa, alikamatwa Agosti 1947 na kuhamishiwa Kabarnet, ambako alizuiliwa miaka 10. Kisha, katika miaka ya 1950, makuli wa Mombasa wakaanza kuandikishwa. Walioandikwa walipata kazi ya uhakika na malipo bora, lakini idadi yao ilipunguzwa, na wengine wakabaki nje ya geti.

Sisemi kwamba kazi ya kudumu ni jambo baya. Mtu mwenye mshahara wa uhakika hulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Lakini tuelewe kilichopotea: maskini waligawanywa kati ya wenye kadi na wasio na kadi, na tangu hapo mgomo ukawa mali ya wenye kadi.

Mgawanyiko huo ndio tulio nao hapa kwetu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Burundi mwaka 1988, faranga 160 kwa siku kwa mji wa Bujumbura, kilidumu zaidi ya miaka 30 bila kuguswa, wakati bei ya kila kitu ikipanda. Kibarua hakuwa na wa kumsemea. Tena sisi tuna jeraha letu. Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru, viongozi wa chama cha Kikristo cha wafanyakazi waliuawa Kamenge, katika mji huuhuu. Chama cha wafanyakazi kikishatazamwa kwa jicho la kabila, bei ya mkono wa mtu husahaulika. Kiembeni ya 1947 inatukumbusha kwamba inawezekana kuketi vinginevyo.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vyetu wafungue mlango. Waandikeni wabeba mizigo na wasaidizi wa mafundi kwa ada wanayoiweza. Kaeni nao mkubaliane bei ya kubeba mfuko mmoja, bei ya kupakua lori moja, bei ya siku moja juu ya jengo, na wenye mshahara wawe tayari kuitetea bei hiyo kama wanavyotetea yao.

Na kwa jirani yangu, jibu ni hili: ukigoma peke yako, kweli watakaolala njaa ni watoto wako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini siku wabebaji wote wa Bwiza, Buyenzi na Jabe watakapotaja bei moja, mwenye lori ndiye atakayeanza kutazama saa yake.