Binti Aliyetekwa na Neno "Nampenda"

Mchungaji aliyetumika katika sharika za vijijini mkoani Singida, iwe ni Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni, hatapata shida kulitambua shauri ambalo makala haya yanakusudia kulieleza. Tuchukue mfano wa kubuni. Binti amekwenda kuchota maji, akakamatwa na vijana na kupelekwa kwa nguvu katika nyumba ya mtu aliyetaka kumwoa. Nyumba hiyo iko katika kitongoji kilicho mbali na barabara, na watu wote wa hapo ni jamaa za mwanamume. Baada ya miezi michache wazee wa pande mbili wanakutana, faini inatozwa, ng'ombe wanahesabiwa. Mwaka wa pili wawili hao, wakiwa na mtoto mgongoni, wanafika kwa mchungaji kuomba warudishwe kundini na ndoa yao ibarikiwe. Mchungaji anamwuliza mwanamke kama ameridhika. Naye anajibu bila kusitasita kwamba anampenda mumewe.

Jibu hilo lina uzito gani? Wengi wetu tungeandika tarehe ya ibada ya kubariki ndoa na kumshukuru Mungu kwamba shauri limekwisha. Wengine, hasa wale waliosoma kidogo elimu ya nafsi, wangesema kwamba mwanamke huyu amepotoshwa akili na maneno yake hayafai kusikilizwa. Nadhani wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: hakuna aliyeuliza swali lile limejibiwa mahali gani.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenge jambo moja. Katika jamii kadhaa za kanda ya kati na Kanda ya Ziwa, si kila binti "aliyechukuliwa" ametekwa. Pengine yeye na kijana wamekubaliana watoroke kwa sababu mahari ni kubwa au wazazi wamekataa, na kelele zake njiani ni za kulinda heshima ya nyumbani kwao. Huko ni kutoroshana, na kanisa lina taratibu zake za kushughulikia. Lakini desturi hiyo ndiyo inayompatia mtekaji wa kweli kichaka cha kujifichia. Anayesikia binti akipiga kelele hujiambia kwamba ni mambo ya vijana, naye huendelea na safari yake ya mnadani.

Jina lililotoka Stockholm

Mapenzi ya mateka kwa mtekaji yamepewa jina la mji ambao si mdogo wala haujajificha. Tarehe 23 Agosti 1973, Jan-Erik Olsson aliingia na silaha katika benki iliyopo Norrmalmstorg, mjini Stockholm, akawashika wafanyakazi, na kudai mfungwa aitwaye Clark Olofsson aletwe kutoka gerezani. Mateka wanne walikaa siku kadhaa ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha hadi polisi walipotumia gesi na kuwakomboa tarehe 28 Agosti. Mmoja wao, Kristin Enmark, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme, akasema kwamba anawaamini watekaji na kwamba anachokihofia ni polisi kuvamia. Daktari wa magonjwa ya akili Nils Bejerot, aliyekuwa mshauri wa polisi, akaipa hali hiyo jina. Ulimwengu ukaipokea kama "sindromu ya Stockholm".

Mara chache hutajwa kwamba Bejerot alitoa uamuzi wake bila kuzungumza na mwanamke huyo. Bibi Enmark mwenyewe ameeleza katika miaka ya baadaye kwamba alifikiri kwa akili timamu: watu wenye bunduki walikuwa karibu naye, na waliokuwa nje walikuwa tayari kufanya haraka kwa gharama ya uhai wake. Hali hiyo haimo katika orodha ya maradhi ya akili ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani, inayotumiwa na wengi duniani. Kwa hiyo mchungaji asilitumie jina hilo kama muhuri wa kumnyamazisha mwanamke aliyeketi mbele yake.

Msaada zaidi twaupata katika kazi ya Dee Graham na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1994. Wao walitaja mambo manne ambayo yakikutana huzaa upendo wa namna hii: mateka anaona uhai wake unatishiwa; mtekaji anamtendea wema fulani, hata kama ni mdogo; ametengwa na watu wenye mawazo mengine; tena haoni njia ya kutoka. Tupime mfano wetu kwa kipimo hicho. Kitongoji kiko mbali. Mama mkwe, mawifi na majirani wote wanasema jambo moja. Kwao amekwisha kuhesabiwa ng'ombe, na akirudi huenda baba yake akalazimika kuwarudisha, huku baadhi yao wamekwisha kutumika kumwozea kaka yake. Katika hali hiyo, mwanamume anapoleta kitenge kutoka Singida mjini, au anapomzuia ndugu yake asimpige, wema huo huonekana mkubwa kupita kiasi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuulinganisha nao. Basi moyo humwelekea yule mmoja aliye na uwezo wa kuua na kuhurumia. Hapo upendo waweza kuwa wa kweli. Mwanamke huyu hasemi uongo.

Nyumba ya Shekemu

Maandiko yanalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Katika Mwanzo 34, Shekemu anamchukua Dina binti Yakobo na kumtenda jeuri. Ndipo nafsi yake inaambatana naye, anampenda, anazungumza naye kwa upole. Baba yake anakwenda kumposa, na kijana anaahidi kutoa mahari yoyote atakayotajiwa. Msomaji wa haraka aweza kuona hapa posa ya heshima iliyochelewa kidogo. Lakini tusome hadi aya ya 26, ambapo ndugu za Dina wanamtoa katika nyumba ya Shekemu. Kumbe muda wote wanaume walipokuwa wakijadiliana juu ya mahari na tohara, binti alikuwa bado ndani ya nyumba ya mtekaji! Mwandishi hatuambii Dina aliona nini moyoni mwake, wala hakuna hata mmoja, si Yakobo, si Hamori, si Simeoni na Lawi, aliyemwuliza. Kisasi cha ndugu zake hakikuwa haki. Kilikuwa mauaji ya mji mzima. Hata hivyo kikao cha mahari nacho hakikuwa haki.

Waamuzi 21 ni mbaya zaidi, na ningependa wanafunzi wetu waihubiri angalau mara moja badala ya kuiruka. Wazee wa Israeli wanawaambia Wabenyamini wajifiche katika mashamba ya mizabibu na kuwakamata binti za Shilo watokao kucheza. Tena wazee hao wanatayarisha mapema maneno ya kuwatuliza baba na kaka zao watakapokuja kulalamika. Kikao cha wazee kinachosuluhisha utekaji hakikuanzia Singida. Kitabu kinafunga kwa kusema kwamba kila mtu alifanya aliyoyaona kuwa mema, na hiyo si sifa.

Kumbukumbu la Torati 21:10-14 linazungumza juu ya mwanamke aliyetekwa vitani ambaye Mwisraeli anatamani kumwoa. Sheria hii haimwulizi ridhaa yake, wala hatuwezi kuifanya kuwa kielelezo cha ndoa ya Kikristo. Lakini yaweka breki. Mwanamume lazima angoje mwezi mzima huku mwanamke akiomboleza baba na mama yake; na asipopendezwa naye baadaye, ni lazima amwache aende apendako, asimwuze, kwa kuwa amemtweza. Angalau sheria hiyo ilitambua kwamba mateka ana kilio ndani yake.

Mahali salama na huru

Kanisa la Magharibi lilipambana na utekaji wa wachumba kwa karne nyingi. Mwaka 1524 Luther aliandika kijitabu kilichofundisha kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoa wala wasiwazuie. Mamlaka ya baba, kwa maoni yake, haifiki hapo. Basi kama baba mzazi hana mamlaka hayo, mgeni aliyemvizia binti njiani atayapata wapi? Lakini kanuni iliyo wazi zaidi ilitoka upande ambao sisi wana wa Matengenezo hatuuendei mara kwa mara kutafuta mashauri. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 24 cha mwaka 1563, uliamua kwamba hakuna ndoa kati ya mtekaji na aliyetekwa maadamu mwanamke yumo katika mamlaka ya mtekaji. Akitenganishwa naye, akawekwa mahali salama na huru, ndipo akikubali kwa hiari yake waweza kuoana. Kanuni hiyo imo hata leo katika Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1089. Sioni aibu kusema kwamba hapa Trento ilimlinda binti kuliko kitabu chochote cha taratibu nilichopata kukisoma.

Tazama hekima yake. Haisemi kwamba upendo wa mateka ni ugonjwa, wala haimkatazi kumchagua mtu yule yule. Inahamisha tu swali. Inaulizwa kwanza yuko wapi, kisha ndipo aulizwe anampenda nani.

Sheria ya nchi yetu inakubaliana nayo kwa sehemu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 133, inafanya kuwa kosa kumchukua au kumzuia mwanamke wa umri wowote, pasipo hiari yake, kwa kusudi la kumwoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa huru katika kifungu cha 16, na kifungu cha 38 chaitangaza kuwa batili ndoa isiyo na ridhaa hiyo. Kuhusu umri, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikataa vifungu vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18. Lakini kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke watadhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho kiliwekwa kwa nia njema, mama na watoto wasiachwe mikono mitupu. Hata hivyo mtekaji mwerevu akikijua atahesabu miezi.

Majirani zetu wa Uganda ya Kaskazini walilipia somo hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini, akarudi na 109. Thelathini walibaki, na makamanda wakawafanya "wake". Mmoja wa makamanda wa jeshi hilo, Dominic Ongwen, ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 4 Februari 2021, na miongoni mwa makosa yake ni ndoa ya kulazimishwa. Majaji walieleza kwamba madhara ya kosa hilo hayaishii katika ubakaji: ni kumvika mtu cheo cha mke ambacho hakukichagua. Wako wanawake waliorudi nyumbani kutoka porini, kisha wakawatafuta tena wanaume wale wale. Walikuwa na watoto wao, na nyumbani walitukanwa. Mchungaji asiyefikiria habari ya matusi ya nyumbani hataelewa kwa nini mtu hurudi.

Utaratibu wa usharika

Basi tufanye nini na mke na mume walioketi ofisini? Kwanza mwanamke asikilizwe peke yake, na mama wa kanisa ambaye si jamaa wa mume. Akiwa na umri chini ya miaka 18, shauri ni la polisi na la ustawi wa jamii. Mchungaji asijifanye hakimu. Akiwa mtu mzima, aulizwe kama kuna nyumba ambayo angeweza kukaa bila hofu kwa majuma kadhaa. Nyumba ya mwinjilisti wa mtaa ule ule haifai, kwa kuwa mwinjilisti huyo anachota maji kisima kimoja na wakwe. Shangazi yake aliye Kiomboi au Manyoni aweza kufaa. Baba yake aonwe mapema, akubali mbele ya wazee kwamba mlango uko wazi na kwamba habari ya ng'ombe haitawekwa juu ya kichwa cha binti. Hili la ng'ombe ndilo gumu kuliko yote, na nimewahi kuona vikao vikivunjika hapo. Mwanamume naye aambiwe wazi kwamba akimfuata huko, mambo ya baraka yamekwisha.

Akirudi mwenyewe na kusema kwamba anamtaka, ndoa itangazwe kama ndoa nyingine yoyote. Asiporudi, usharika usimwite mke aliyekimbia.

Liko pia shauri la mama mwenye watoto wanne aliyetekwa miaka kumi iliyopita, ambaye leo anaomba tu kurudi Mezani pa Bwana. Huyu hatumpeleki kwa shangazi wala hatuvunji nyumba yake. Lakini tujihadhari na ibada ya kuwarudisha kundini. Kwa desturi wawili hao husimama pamoja mbele ya usharika na kuungama dhambi moja, kana kwamba waliitenda pamoja. Mwanamume aungame aliyoyafanya, kwa jina lake. Mwanamke hakutenda dhambi kwa kukamatwa njiani, na mzee wa kanisa anapofungua kitabu cha usharika, sababu iliyoandikwa mbele ya jina la mume isinakiliwe mbele ya jina la mke.