Dawa Zinapokutana Mwilini: Kwa Nini Ni Lazima Kukagua Mwingiliano

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anaweza kutumia enalaprili na haidroklorothiazidi kwa miaka mingi bila tatizo. Magoti yanapoanza kumuuma, hununua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa la jirani. Kila moja ya dawa hizo tatu ina kazi yake na manufaa yake. Hata hivyo, zikitumiwa kwa pamoja zinaweza kudhuru figo ndani ya siku chache, hasa kwa mzee au kwa mtu aliyepungukiwa maji kutokana na kuhara au kutapika.

Sababu yake inaeleweka. Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo ulio ndani ya vichujio vyake. Haidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini, diklofenaki hubana mishipa midogo inayoingiza damu katika vichujio, na enalaprili hulegeza mishipa inayoitoa. Damu huingia kwa uchache na kutoka kwa wepesi, hivyo msukumo wa kuchuja hushuka. Hali ya dawa moja kubadili utendaji wa nyingine, au madhara yake kuungana na ya nyingine, ndiyo iitwayo mwingiliano wa dawa.

Kifua kikuu, VVU na uzazi wa mpango

Katika nchi yetu, dawa inayodai uangalifu mkubwa kuliko nyingi ni rifampisini, mhimili wa tiba ya kifua kikuu. Dawa hii huchochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa nyingine. Matokeo yake, dawa hizo huondolewa mwilini kabla ya kutimiza kazi yake. Uchochezi huo hujengeka kwa muda wa wiki mbili hivi, na huendelea kwa muda kama huo baada ya rifampisini kusimamishwa.

Kwa sababu hiyo, mtu mzima anayeishi na VVU na anayetumia dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku huongezewa miligramu 50 nyingine, saa 12 baada ya dozi ya kwanza, anapotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini. Nyongeza hiyo huendelea hadi wiki mbili baada ya tiba ya kifua kikuu kumalizika. Ikisahauliwa, kiasi cha dawa katika damu hushuka, na virusi vinaweza kupata nafasi ya kujenga usugu.

Mwanamke anayetumia vidonge vya majira au kijiti naye yumo katika hatari: kinga yake dhidi ya mimba hupungua, na yeye asijue. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha madini ya shaba haviathiriwi kwa namna hiyo. Swali moja tu kuhusu uzazi wa mpango, likiulizwa siku ya kuanza tiba, laweza kumwepusha na mimba asiyoitarajia.

Migongano inayoanzia tumboni

Si kila mwingiliano hutokea katika ini. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushikamana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe. Dawa hiyo inywewe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, wanavyopewa kina mama wajawazito, huleta tatizo hilohilo. Lakini vikimezwa pamoja na dolutegraviri wakati wa chakula, tatizo huondoka. Siprofloksasini nayo hupungua nguvu ikimezwa pamoja na madini hayo.

Nyakati nyingine dawa huzidi badala ya kupungua. Metronidazoli huzuia kuvunjwa kwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Dolutegraviri huongeza kiasi cha metformini katika damu. Ndiyo maana metformini kwa kawaida huwekewa kikomo cha miligramu 1,000 kwa siku dawa hizo zinapotumiwa pamoja.

Namna ya kukagua

Dawa mbili zina jozi moja ya kuchunguza. Dawa tano zina jozi 10, na dawa nane zina jozi 28. Hakuna mtaalamu awezaye kukumbuka jozi zote. Ndiyo sababu tunatumia miongozo ya tiba na programu za kompyuta. Kwa dawa za VVU, Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza kimeweka kwenye intaneti chombo cha bure cha kukagua mwingiliano.

Hata hivyo, programu haijui hali ya figo za mgonjwa, wala haijui dawa ambayo hakuitaja. Kwa hiyo ukaguzi huanza na orodha kamili: dawa za hospitali, za dukani, za asili, virutubisho, sindano na vijiti. Kisha mtaalamu hujiuliza: je, dawa ileile imejirudia kwa jina jingine? Je, dawa mbili zinalemea kiungo kimoja? Je, moja inabadili kiasi cha nyingine? Si kila mwingiliano hukataza tiba. Mwingine hutatuliwa kwa kutenganisha saa, mwingine kwa kubadili dozi, mwingine kwa kupima damu mara kwa mara, na michache kwa kuchagua dawa nyingine.

Wajibu wa mgonjwa

Nenda kliniki na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na maganda yake. Unaponunua dawa ya maumivu au mafua, mweleze mtoa dawa maradhi uliyonayo na dawa unazotumia. Usione haya kutaja dawa za asili. Nazo zina kemikali zinazopita katika ini na figo zilezile. Ukipata kinyesi cheusi, mkojo kupungua, kizunguzungu kisicho cha kawaida au macho kuwa ya manjano baada ya kuongezewa dawa, wahi kituo cha afya.

Zaidi ya yote, usiache dawa yoyote kwa hofu ya mwingiliano kabla ya kuzungumza na mtaalamu. Kuacha ghafla dawa ya kifafa, ya shinikizo la damu au ya VVU kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko yale uliyoyakimbia.